Mikebe Thelathini na Kikopo Kimoja

Kama kuna mtu aliyezaliwa na rula mkononi, ni binti wa Fundi. Wenzake kazini walikuwa wamelisahau hata jina lake. Walimwita Rula tu, naye hakukasirika, maana aliona ni sifa. Alikuwa mtunza stoo ya dawa, na katika stoo yake dawa ya kikohozi haikuthubutu kulala karibu na dawa ya minyoo. Kila boksi lilikuwa na lebo, kila lebo ilikuwa na tarehe. Nyumbani kwake vijiko vililala ubavu mmoja na viatu vilitazama mlango. Alikuwa amefika miaka thelathini na tisa bila kupoteza ufunguo hata mmoja. Kama unamjua mtu mwingine wa namna hiyo, mwambie anitafute.

Kitu kimoja tu kilimshinda kukipanga, nacho ni baba yake.

Baba huyo alikuwa fundi nguo, mwana wa fundi nguo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani nyeusi ya kukanyaga aliyoirithi, meza ya kukatia, pasi, na ukuta mzima wa rafu yenye mikebe: ya maziwa ya unga, ya kakao, ya biskuti, iliyopauka hata picha hazionekani. Ilikuwa thelathini kwa hesabu. Tangu utotoni Rula alimsikia baba yake, kabla hajaanza kazi, akiitikisa mmoja baada ya mwingine, cheke cheke cheke, huku akinong'ona. Alijua anachofanya: anatafuta kifungo. Na kwa kuwa aliitikisa yote kila siku iendayo kwa Mungu, Rula alikata shauri kwamba baba yake ni mtu wa kutafuta vifungo asivipate.

Ushahidi ulikuwepo. Nguo za wateja zilitoka dukani hazina hata uzi uliolegea. Lakini nguo alizowashonea watu wake, kifungo cha chini kabisa siku zote kilikuwa kioja. Shati jeupe, vifungo vyeupe sita, cha saba cha kahawia. Kaka yake Rula alipiga picha ya kuhitimu masomo akiwa ameziba tumbo kwa kiganja kama anayeumwa. Shangazi yao alichomekea kila kitu, hata visivyochomekewa. Watu walisema mganga hajigangi, wakazoea. Rula hakuzoea. Siku yake ya kwanza shuleni alivaa shati jipya lenye kifungo cha bluu chini, na watoto wakamcheka mpaka kengele ikalia. Alirudi nyumbani analia, akaomba kibadilishwe. Baba yake akampangusa machozi, akamwambia, "Kiache hapo hapo, mama. Kina kazi yake." Ukitaka kujua ile rula ilizaliwa lini, ilizaliwa siku hiyo.

Sasa mwaka huu Fundi alitolewa mtoto wa jicho, na daktari akamwamuru akae mbali na vumbi wiki mbili. Akapelekwa kwa dada yake, yule shangazi wa kuchomekea, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla yake. Ufunguo wa duka akaachiwa binti. Hakuambiwa apange kitu. Aliambiwa afungue dirisha hewa ipite. Lakini kumkabidhi Rula chumba kilichovurugika ni kumkabidhi fisi bucha.

Alichukua likizo. Siku ya kwanza alifagia, ya pili alipaka rangi, ya tatu akaishusha mikebe. Akafungua wa kwanza: vifungo vitatu. Wa pili: viwili. Wa tatu, mkebe mkubwa wa maziwa unaoweza kubeba kilo nzima: kifungo kimoja! Akakaa sakafuni akacheka peke yake. Kisha akavimwaga vyote mezani, akavipanga kwa rangi, halafu kwa ukubwa, halafu kwa idadi ya matundu, akavitia katika maboksi manane ya plastiki yanayoonyesha ndani, akabandika lebo. Mikebe mitupu akampelekea fundi viatu wa mlango wa pili, mzee mwenye ulimi mkali aliyegombania na Fundi kivuli cha ukuta mmoja kwa miaka ishirini. Alipoinama kufagia chini ya cherehani akakuta kikopo cha bati kilichobonyea, kimetiwa chini ya mguu mmoja ili mashine isiyumbe. Akakitoa, akachonga kabari safi ya mbao, akaiweka mahali pake. Kikopo nacho kikaenda kwa fundi viatu.

Alipomaliza alisimama mlangoni akatazama kazi yake, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na haraka ya kumwonyesha baba yake kitu.

Fundi alirudi siku ya Ijumaa, miwani myeusi usoni, mkono begani kwa dada yake.

"Loo!" shangazi akasema kabla hajaingia. "Hili duka au hospitali?"

Fundi akavua miwani. Hakuwa ameona vizuri hivyo kwa miaka mitano. Akaisifu rangi, akalisifu dirisha, akamwambia binti yake, "Mungu akubariki, mama, umefanya kazi." Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu bila kuangalia, kama alivyozoea, na mkono ukashika plastiki. Akatikisa. Vifungo vyeupe arobaini vikalia kwa pamoja.

"Mikebe iko wapi?"

"Nimeitoa, baba. Vifungo vyote vimo. Vyeupe hivi, vyeusi vile pale. Sasa ukitaka kifungo hutafuti tena, unachukua tu."

Fundi akakaa, na hakukaa kwenye kiti chake bali kwenye kile cha wateja. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Sikuwa natafuta kifungo," alisema.

Akawaeleza polepole. Babu yake Rula alikuwa na watoto tisa na hakujua kuandika hata herufi moja. Alikuwa mtu wa dua, na alichokiogopa duniani ni kusimama mbele ya Mungu akamsahau mtu. Basi kila aliyemshonea nguo kwa mapenzi, alikata kifungo chake cha chini, akakitia kwenye mkebe wa mtu huyo, na pale kwenye nguo akashona kingine chochote. Asubuhi alitikisa mkebe, akamtaja mwenyewe, akamwombea, akaenda kwa wa pili. Alipomaliza wote ndipo alipokanyaga cherehani.

"Nilirithi mashine, nikairithi na mikebe," Fundi akasema. "Kila mmoja una mlio wake. Mkono unajua anayefuata hata kichwa kikisahau."

Shangazi akachomoa pindo la blauzi yake, akakitazama kifungo cha chini. "Kaka! Miaka arobaini nachomekea, na hukuniambia?"

"Ningekwambia wewe, ingekuwa dua au tangazo?"

Rula hakucheka. Alikuwa akikwangua rangi ya ukuta kwenye kucha zake. "Nitakuandikia orodha, baba. Nitaipanga kwa herufi, nitaibandika ukutani."

"Nimeshajaribu hapa nilipokaa." Fundi akafunga vidole vyake kimoja kimoja. "Mikebe ilikuwa thelathini. Kichwani nawapata ishirini na wanane. Wawili nimewafungia nje, na siwajui." Akainuka. "Siwezi kukaa kwenye mashine hali watu wawili wako nje. Funga duka, mama."

Jumamosi duka halikufunguliwa. Jumatatu halikufunguliwa. Wateja walikuja na vitambaa vyao, wakasoma kufuli, wakarudi. Duka hilo lilipita katika misiba na mafuriko bila kukosa siku mbili mfululizo, na sasa lilikuwa limefungwa na usafi. Rula alijua kwamba fundi wa umri ule akizoea kukaa, hainuki tena, na kwamba kazi ya babu yake itaishia mikononi mwake yeye, aliyeiua kwa ufagio na lebo. Chakula kilimshinda. Aliwahi kufikiria kuomba, lakini yeye na Mungu walikuwa wanasalimiana kwa mbali, kama majirani waliogombana na hakuna anayekumbuka kisa.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomchoma, ambalo hakumwambia mtu. Alitaka kujua kama yeye yumo katika wale thelathini. Alipokuwa na miaka kumi na minane alisimama katikati ya duka lile, mbele ya wateja, akasema pale ni fujo tupu na hatashona hata pindo maishani mwake. Tangu hapo hakuvaa nguo iliyotoka mikononi mwa baba yake. Je, mtu wa hivyo huwekewa mkebe? Hakuthubutu kuuliza, maana jibu lingeweza kuwa hapana.

Jumanne shangazi akaingia nyumbani kwake bila kubisha, akatupa koti la kijani juu ya meza iliyopangwa.

"Tazama. Vifungo vitano vinafanana, cha sita ni mwanaharamu. Wa sita wa kweli yuko wapi?"

Rula akalitazama koti. "Kijani, kikubwa, matundu manne," akasema, na hapo hapo akili ikamfunguka. Akachukua ufunguo. Dukani hakupekua, alinyoosha mkono kwenye boksi la tatu, akakitoa kile kifungo kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake.

"Shangazi, kila mtu analo vazi lake!"

"Ndiyo ninachokwambia. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini vifungo si maji, mwanangu. Piga simu."

Rula akapiga simu siku nzima. Kisha akaenda kudai mikebe kwa fundi viatu, akamkuta ameshaijaza misumari, gundi na nyuzi za nta.

"Zawadi hairudi," mzee akasema.

"Hairudi, ila inaazimwa," Rula akamjibu, akaibeba kwa awamu tatu huku mzee akimhesabia kwa sauti asije akamwibia na misumari.

Jumamosi iliyofuata duka lilijaa. Binamu walikuja na mifuko, wajomba na mashati yaliyowakataa waliponenepa, mtu mmoja alileta gauni la utotoni lililoliwa na nondo. Kaka aliye mbali alituma picha ya suti yake, safari hii bila kuficha tumbo. Shangazi alileta gauni la marehemu mama yake Rula, alilokuwa amelihifadhi miaka yote, na watu wakasimama mpaka kifungo chake kilipopatikana. Rula alikaa sakafuni na maboksi yake manane. Mtu akinyoosha vazi, yeye anataja rangi, ukubwa, matundu, mkono unaingia, unatoka nacho. Kama si ule mpango wake, wangekesha wiki nzima wakipekua rundo.

Fundi alikuwa ameketi mlangoni, akijifanya anaota jua. Lakini kila mkebe ulipopata mwenyewe alinyoosha mkono nyuma, akautikisa, akasikiliza. "Huyu ni mjomba. Wa tano kutoka kushoto. Mpeleke."

Kufika adhuhuri walikuwa wamerudi ishirini na wanane, wale wale aliokuwa nao kichwani. Mezani vikabaki vifungo viwili: kidogo cheusi chenye mstari, na kikubwa cha kahawia. Mikebe miwili ilibaki mitupu.

Hapo fundi viatu akaingia kudai mkebe wake wa gundi. Rula akamtazama usoni, akashuka shingoni, akashuka tumboni.

"Usisogee!" akapiga kelele.

Mzee akaganda, mikono juu. Shati lake la zamani lilikuwa na vifungo vyeusi vyenye mstari, isipokuwa cha chini, ambacho kilikuwa cha njano.

"Hili alinishonea nilipofiwa na mke wangu," akasema, sauti imepungua. Akamgeukia Fundi. "Yaani miaka ishirini tunagombana juu ya kivuli, na kila asubuhi unaniombea?"

"Ulidhani nilikuwa nakuvumilia kwa nguvu zangu mwenyewe?"

Watu wakacheka mpaka mzee naye akacheka. Kikabaki kile cha kahawia. Shangazi akakichukua, akakigeuza, na uso wake ukabadilika.

"Kaka. Hiki ni cha lile koti la mume wangu wa zamani."

"Ehee! Ndiye huyo!" Fundi akapiga paja. "Wa kumi na mbili, baada ya mama mkwe."

"Hata yule?"

"Aliyeachana naye ni wewe, dada. Mimi sikuachana naye."

Shangazi akakitia kifungo mkebeni kwa vidole viwili, kama anayetupa mende, lakini alikitia. Mikebe thelathini ikakaa kwenye rafu. Watu wakapiga makofi, binamu mmoja akaanza kuimba. Rula naye alipiga makofi. Alikuwa amevishika vyote kwa mkono wake, kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Akainama kuokota nyuzi ambazo hazikuwepo, ili watu wasimwone uso.

Fundi aliingia, akasimama mbele ya rafu. Akatikisa na kunong'ona mpaka wa thelathini. Kisha akakaa kwenye kiti chake, akaweka mguu kwenye kanyagio la cherehani, akakanyaga mara mbili. Akaacha.

"Imetulia mno," akasema. "Kikopo kiko wapi?"

"Kipi, baba?"

"Cha hapa chini ya mguu."

"Kile kilichobonyea?" Rula akaitazama kabari yake. "Nilidhani ni takataka. Nilimpa jirani."

Fundi viatu akakohoa. "Kiko chini ya benchi langu. Na siku hizi benchi limetulia kweli kweli."

Wakaenda wote mlango wa pili. Mzee hakutaka kunyanyua benchi lenye viatu vya watu juu yake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akamwambia Rula, na alivyolisema utadhani amelisubiri maisha yake yote. Basi Rula, ambaye hakuwahi kukaa mahali pasipofutwa, akalala kifudifudi kwenye vumbi na vipande vya ngozi, akakivuta kikopo, jirani akaziba pengo kwa soli ya zamani. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania kwa kutu. Baba yake akakibandua kwa ncha ya mkasi.

Ndani kulikuwa na kifungo kimoja cheupe cha shati la mtoto wa shule.

"Ulikuwa wa kwanza kabisa pale rafuni," Fundi akasema. "Siku ile uliposema hutashona hata pindo, ukaondoka, nikakutoa. Wale wa rafuni nawatikisa mara moja kwa siku. Mashine nikikanyaga, hiki kinatikisika kila mshono, asubuhi hadi jioni."

"Kwa hiyo hukunikasirikia?"

"Nilikukasirikia sana. Mara moja kwa siku isingetosha."

Rula akalia pale pale, mbele ya ukoo mzima na viatu vya watu, vumbi kifuani, na hakuna kitu chochote ndani yake kilichokuwa kimepangwa. Baba yake akampangusa kwa pindo la shati lake. Kisha wakarudi dukani, Rula mwenyewe akaivuta ile kabari yake nzuri ya mbao, akakirudisha kikopo. Fundi akakanyaga. Cherehani ikayumba kidogo, kikopo kikalia, na yule binamu akadai ashonewe suruali leo leo, maana ya zamani imemkataa.

Maboksi ya plastiki hayakutupwa. Yamekaa rafu ya chini na lebo zake, kwa ajili ya nguo za wateja, na Fundi akiulizwa na mtu husema kwa majivuno kwamba mpango huo ni wa binti yake. Lakini siku ile, wakati watu wanakunja nguo zao na shangazi anawaelekeza wasiohitaji kuelekezwa, Rula alilichukua koti la baba yake kwenye msumari. Akakata kifungo cha chini. Mahali pake akashona kingine, cha bluu. Kilikuwa kifungo cha kwanza kukishona kwa miaka ishirini na moja, nacho kilikaa upande, uzi umejisokota. Wakati wa kuondoka Fundi alivaa koti, akafunga vifungo kutoka juu, mkono ukafika chini, ukasita. Akamtazama binti yake. Akatembea njia nzima kifungo cha bluu kikiwa wazi machoni pa watu, tumbo mbele, hakuficha kitu.

Sasa ukienda kwenye ile stoo ya dawa, utakuta kila boksi na lebo yake na kila lebo na tarehe yake. Ila kwenye rafu ya juu, kati ya dawa ya kikohozi na pamba, upo mkebe mmoja wa kakao usio na lebo. Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la wateja, Rula huutoa, akautikisa, akanong'ona kidogo. Juzi mwenzake wa kazi alimfuma.

"Rula, unatafuta nini humo?"

"Sitafuti," akasema, akaurudisha mkebe mahali pake, akafungua dirisha.